Siku Baba Alipoziba Pua Ukweni

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kulificha hilo. Wanaokula kwangu karibu na stendi ya Msamvu wananijua. Ukiniuliza kama mchele ni wa Dakawa, nakujibu vizuri. Ukiniuliza tena huku unachambuachambua wali kwa kijiko kama umedondosha sindano humo, nakunyang'anya sahani. Nimezaliwa hivyo, na moshi wa majiko umenikoleza. Kwa hiyo daktari aliponipima akaniambia presha iko juu, nilikasirika, naye alipoona nimekasirika akanipima tena, ikawa imepanda zaidi.

Aliyenifundisha kupumua ni jirani yangu, nesi mstaafu, mama mwembamba asiyepandisha sauti hata akigombana na wauza maji. Alikuwa na kikundi chake cha akina mama wa presha na sukari, wakikutana Jumamosi asubuhi kule Mazimbu, kwenye majani karibu na chuo. Nilienda kwa kumheshimu tu. Nikakuta watu wazima wenye wajukuu wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja amejiziba tundu moja la pua kwa kidole, macho wameyafumba. Nilicheka mpaka nikakaa chini bila kupenda. Wanafunzi waliokuwa wakipita nao walicheka, mmoja akamwambia mwenzake kuwa hawa maza wamevurugwa. Jirani yangu alinionyesha tu mkeka uliokuwa na nafasi.

Jambo lenyewe ni dogo. Unaziba tundu la kulia kwa kidole gumba, unavuta hewa taratibu kwa la kushoto. Unaishikilia kidogo. Kisha unaziba la kushoto kwa kidole cha pete, unaachia la kulia, unaitoa hewa yote kwa hapo. Unavuta tena kwa hilohilo la kulia, unashikilia, unatoa kwa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja, halafu unaanza upya. Walikuwepo walioogopa kuwa ni ibada ya watu wa mbali. Jirani aliwaambia kuwa pua ni yako na hewa ni ya Mungu, hakuna wa tatu hapo.

Siku ya kwanza tundu langu la kushoto liligoma kabisa. Nikavuta kwa nguvu mpaka masikio yakalia. Jirani akaniambia nisigombane na pua. Nikamwambia imeanza yenyewe. Lakini nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka nikajikuta mteja akinikera naingia nyuma ya magunia ya mkaa, naziba tundu moja, nafungua jingine, natoka nikiwa mtu. Wasichana wanaonisaidia jikoni wakanizoea. Mteja akiuliza mama yuko wapi, wanamwambia anapumua, asubiri.

Basi, hapo ndipo mama yangu alipofariki.

Mama alikuwa mtu wa milimani, juu ya Kiroka, unapanda pikipiki mpaka pikipiki yenyewe ikatae, halafu unamalizia kwa miguu. Aliugua muda mrefu. Baba ndiye aliyemuuguza. Alimwosha, alimlisha uji, alimtoa nje kuota jua, alimrudisha ndani jua likiwa kali, na wanawake wa pale walisema hawajaona mwanamume wa namna hiyo. Tulimzika kwenye mteremko nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Na baada ya kuzika, kila mtu alijua swali linalofuata, ila hakuna aliyelitamka kabla ya arobaini.

Kwa asiyejua, sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu ya ardhi ni mjomba. Baba yangu alitoka upande wa Mikese akiwa kijana, akamwoa mama, akaingia kwenye shamba la mama. Humo alipanda pilipili manga, akapanda mdalasini, akachimba makingamaji ili mvua isishuke na udongo, akafyatua tofali akajenga nyumba ya kuezeka kwa bati. Tofali ni zake, jasho ni lake, lakini ardhi si yake, na mke akishafariki ukoo wa mke unakaa kuamua kama mwanamume abaki au arudi kwao. Wengine huachwa wakazeeka palepale na hakuna anayeuliza. Wengine huambiwa asante. Na huko kwao Mikese baba hakuwa na kitu tena, ndugu zake wameshauza au wameshakufa, amebaki mpwa mmoja anayeuza mkaa kando ya barabara kuu.

Nami ni mtu wa ukoo wa mama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baba ni baba, nampenda kuliko roho yangu, lakini yakija mambo ya ukoo yeye ni mgeni na mimi ni mwenyeji. Ningeweza kusema nyumba naitaka mimi. Nilimnong'oneza mjomba hivyo kabla ya kikao, akanijibu kwa upole kuwa jiko langu liko Msamvu, na shamba haliliwi na mtu wa Msamvu. Kulikuwa na dada yangu, mtoto wa mama mdogo, amerudi kutoka kwa mume na watoto wadogo, amebanana nao kwenye chumba cha kuazima. Huyo ndiye aliyetakiwa kuingia kwenye nyumba. Niambie sasa, hapo nimchukie nani? Dada yangu kweli hakuwa na pa kulala. Ningempata mtu mbaya wa kumtukana, ningepona.

Siku zile za kusubiri arobaini nilikuwa napanda kule kila nilipoweza kuacha jiko. Nilimkuta baba ameharibika. Moyo ulikuwa unamwenda mbio akiwa amekaa tu, mikono inatetemeka, chai inamwagikia kanzu. Zahanati walimpima wakamwambia hana ugonjwa, ana mawazo. Mawazo gani hayo, jamani, kana kwamba mtu ameyaokota njiani. Alikuwa anazunguka nyumba anagusa kuta, anarudi kukaa, anainuka tena. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimesikia lolote kwa mjomba. Nikasema sijasikia. Nilikuwa nimesikia.

Ndipo asubuhi moja akanikuta kibarazani nimeziba pua. Akasimama akaniangalia. Akauliza ni mafua au ni nini. Nikamweleza, naye akakaa karibu yangu akataka nimfundishe. Alishika haraka kuliko mimi, kwa sababu baba ni mtu wa kufuata maelekezo, hana ubishi wa mwanawe. Alisema ni kama kupandisha maji puani wakati wa udhu, ila maji hakuna. Alipomaliza mizunguko kadhaa alinyoosha mikono mbele yake akaitazama. Ilikuwa imetulia. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake, nikageuka nikajifanya napuliza moto.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo dawa yake. Akitoka kuswali anapumua, akirudi shambani anapumua. Nilimwambia moyo ukianza tu mbio asingoje, popote alipo, asione haya, kwani mimi mwenyewe nafanya mbele ya wateja. Akaitikia kuwa amesikia.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumwokoa, na huyo alikuwa bibi, mdogo wake bibi aliyemzaa mama yangu, mwanamke mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo. Mjomba ndiye msemaji, lakini bibi akisema jambo, mjomba hana pa kupita. Kwa baba yeye alikuwa mkwe, na baba alimheshimu kikwe hasa: akimwona njiani anashuka pembeni, anainama, anasubiri apite. Bibi alikuwa na sukari, na mguuni ana kidonda kilichokataa kupona. Mimi nikipanda kule ndiye niliyekuwa namwosha na kumfunga bandeji. Kilikuwa kinanuka. Siwezi kusema vingine. Kilinuka, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kulisema wala kulionyesha. Watu walikula karibu naye, walikaa naye, walicheka naye. Mtoto aliyekunja pua alifinywa paja akapelekwa nje.

Siku mbili tatu kabla ya arobaini, nikiwa namfunga huo mguu, bibi aliniambia niache kukonda. Alisema mume wa mwanawe amemuuguza mwanawe kwa mikono yake, na mtu wa namna hiyo hafukuzwi kama kuku aliyeingia ndani. Kwenye kikao yeye atasema abaki, na dada yangu atajengewa pembeni. Nilimwinamia nikambusu mkono. Nilishuka mlima siku ile naimba kama mwendawazimu.

Arobaini ikafika. Hitima ilisomwa asubuhi, pilau ikaliwa, watani wakafanya vituko vyao wakaondoka na kuku wao mapema. Baada ya swala ya adhuhuri mikeka ikatandikwa mbele ya nyumba. Baba alikaa upande mmoja na yule mpwa wake wa Mikese, aliyekuja kwa sababu lazima awepo mtu wa kwao, na ambaye muda wote alikuwa anachungulia simu. Upande wa pili tulikaa wenyeji. Mimi nilikaa huko. Nilitaka kwenda kwa baba, mama mdogo akanivuta kanga, akaniuliza kwa macho ninaenda wapi. Nikakaa na ukoo wangu, nikimwangalia baba yangu ng'ambo ya mkeka kama mtu wa kesi.

Mjomba alizungumza vizuri. Lazima niseme hivyo. Alimshukuru baba kwa kumtunza dada yake, akataja pilipili na mdalasini na makingamaji, akasema ukoo hauna deni wala kinyongo na shemeji yao. Kisha akasema ardhi ni ya wanawake wa ukoo na watoto wao, na kwamba kabla hajasema zaidi anataka kumsikia mama yetu, mkubwa wa ukoo. Wakaenda kumtoa bibi ndani. Walimshika huku na huku, akaja polepole akiburuta ule mguu. Jua lilikuwa limekula kivuli cha upande wetu, kivuli kilichobaki kilikuwa upande wa baba. Wakamketisha hapo, karibu kabisa na baba, akanyoosha mguu mbele yake.

Nilimwona baba mikono inaanza. Kwanza vidole, kisha yote. Aliibana kwa magoti, ikakataa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji. Akainua macho akanitafuta, akanipata. Na mimi kwa woga tu, kwa woga mtupu, nikavuta pumzi ndefu kifua kikapanda. Nadhani alidhani namkumbusha. Aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuniitikia kibarazani. Akafumba macho. Akainua mkono, akaziba pua.

Nilimtikisia kichwa. Nilimtikisia mpaka mtandio ukaanguka. Alikuwa ameshafumba macho, hanioni.

Hata mpwa wa Mikese aliacha simu. Watu wote wa ukoo wa mama yangu walikuwa wanamwangalia mwanamume mtu mzima, mwenye kofia ya swala aliyotoka nayo kwenye hitima, ameziba pua yake kwa vidole mbele ya mkwe wake mwenye kidonda. Na hakuziba akaachia. Alifuata maelekezo. Akatoa kwa kulia, akavuta kwa kulia, akaziba, akatoa kwa kushoto, akaanza upya, taratibu, bila haraka, kama nilivyomfundisha. Kila alipobadilisha kidole nilisikia mtu anaguna nyuma yangu. Laiti mtani mmoja tu angekuwa amebaki pale, angepasua jambo lile kwa mzaha, angemuuliza baba kama amemeza nzi, watu wangecheka na likaisha. Lakini watani walikuwa wameshateremka zamani.

Bibi alimwangalia. Hakukunja uso. Alivuta kanga yake polepole akaufunika mguu mpaka kwenye vidole, akaweka mkono juu yake.

Mjomba akasubiri, kisha akamuuliza mama yetu anasemaje.

"Nilikuwa na neno," bibi akasema. "Sasa sina."

Basi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Mjomba alisema kwa maneno machache kuwa shemeji amefanya kazi yake, ukoo unamshukuru, na kwao wampokee. Nikaona nikikaa kimya nitapasuka, nikasimama. Nilisema, na sauti yangu ilikuwa ile ya jikoni, siyo ya kikao. Nilisema baba hakuziba kwa harufu, ni mazoezi, ni tiba ya presha na moyo, mimi ndiye niliyemfundisha, hata mjini tunafanya.

"Mjomba, baba anapumua tu," nikamwambia.

"Mpwa wangu," mjomba akanijibu, wala hakuwa na ukali, "sote hapa tunapumua. Nani mwingine ameziba pua?"

Kulikuwa na kijana mmoja wa ukoo, mtoto wa dada mwingine wa mjomba, ambaye ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mjomba siku mjomba asipokuwepo. Huyo alicheka kwa pua, akasema huko mjini tumefundishwa kutukana kwa tiba. Ningekuwa na mwiko siku ile ningempasua nao.

Baba akafumbua macho. Mikono ilikuwa imetulia juu ya mapaja yake, uso umelainika. Akaangalia huku na huku kwa utulivu, akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama, bibi amesema nini.

Siwezi kueleza nilivyojisikia. Nilikaa chini nikalia, na watu wakadhani namlilia mama.

Jioni nilikwenda kwa bibi kumbadilisha bandeji, kama kawaida. Nilimwonyesha yote. Nilikaa mbele yake nikaziba tundu moja, nikafungua jingine, nikamweleza na nesi, na Mazimbu, na mikono ya baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema ananiamini, na kwamba hata palepale moyo wake ulimwambia kuwa mtu aliyemwosha mwanawe kinyesi hawezi kuchukizwa na kidonda. Nikafurahi, nikamwambia basi twende kwa mjomba sasa hivi. Akanishika mkono.

"Mimi nimeelewa, mwanangu. Lakini wao wameona," akasema. "Nikimtetea sasa, kila atakayekuja kukaa na mimi atakunja pua, na nitakuwa nimempa ruhusa."

Nilimfunga mguu nikaondoka. Baba nilimweleza mwenyewe, nikichagua maneno, na hakuna maneno ya kuchagua kwa jambo lile. Kisha akaenda kwa bibi, akasimama nje mbali ya mlango kama ada inavyotaka, akaomba radhi. Bibi akamjibu kutoka ndani kuwa radhi anayo, aende kwa amani.

Siku ya kuhama mjomba alikuja mwenyewe, akabeba godoro la baba kichwani mpaka panaposimama pikipiki. Nilitaka kumchukia, akaninyima nafasi. Baba alikuwa na begi moja, jembe, na mche wa mdalasini aliouzungushia mfuko wenye udongo. Tulipofika njiani mjomba akatua godoro, akafuta jasho, akamshika baba mkono.

"Shemeji, kuishi imeshindikana," akasema. "Lakini siku yako ikifika tutakuja kukuchukua. Utalala ubavuni kwa dada yangu. Hilo ni neno langu."

Baba alilipokea neno lile kwa mikono miwili. Alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi kubwa. Yule kijana, kaka yangu wa ukoo, alikuwa amebeba ndoo nyuma yetu. Akasema kwa sauti ya kusikika kuwa kwake yeye mtu huzikwa kwao, mlima si makaburi ya wapita njia. Mjomba akamwambia anyamaze, kwa kuwa bado yeye ndiye mwenye kusema. Nami nilikuwa nimesimama hapo na mto wa baba kwapani, nikiwaza kwamba wamemkatalia nyumba wakampa kaburi, naye ameshukuru.

Sasa baba anaishi na mimi, chumba cha uani. Ananisaidia kuchagua mchele. Anautandaza kwenye ungo, anatoa mawe na chuya, hana haraka, na wateja wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Vijana wakimpa shikamoo anawaitikia marahaba na kuwauliza habari za mama zao. Jumamosi anakwenda Mazimbu na akina mama wa jirani, mwanamume peke yake, na wanasema ndiye anayeweza kuliko wote. Moyo wake hauendi mbio tena, chai haimwagiki. Mimi ndiye ambaye siwezi. Nikiinua tu mkono kuelekea puani namwona bibi anavuta kanga yake kufunika mguu, na hewa inakataa, huku na huku. Presha imerudi ilikokuwa. Jirani yangu ananiambia nirudi mkekani, nisikae na uchungu. Nimemwambia uchungu ndio umekaa na mimi.

Wiki iliyopita mama mdogo alipiga simu. Alisema mjomba hali yake si nzuri, ameshindwa kula, wamemshusha hospitali wamemrudisha nyumbani. Niliipokea simu ile jikoni, baba akiwa hapohapo na ungo wake, kwa hiyo alisikia. Aliendelea kuchagua mchele mpaka akamaliza, akaumimina kwenye ndoo, akapangusa mikono. Wateja walipopungua akaniita nikae.

Akaniuliza kama mjomba kweli anaumwa sana. Nikasema wamesema hivyo, ila Mungu ni mwema, atapona. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema mjomba ni mtu wa neno lake, ila neno la mtu hufa na mtu mwenyewe, na yule kijana atakayemrithi, nami nilimsikia mwenyewe alivyosema njiani.

"Inabidi nimtangulie," baba akasema.

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kuwahi basi la asubuhi. Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia nitapanda huko nikaongee na yule kijana, nitampigia magoti, na hata nilipokuwa nasema nilijua atanicheka kwa pua kama siku ile. Nikamwambia mjomba atapona. Nikamwambia yeye mwenyewe ni mzima, mbona, hata daktari amemsifu. Baba akakubali kuwa ni kweli, ni mzima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyecheleweshwa. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Sina ardhi ya kumpa, sina kikao, sina bibi. Nikamwambia, kwa kukosa la kufanya, tukae tupumue.

Akakaa kwa adabu yake yote, nadhani kwa kunifurahisha. Akafumba macho, akaziba tundu la kulia, akavuta kwa la kushoto. Nami nikajaribu, nikashindwa, nikabaki namwangalia. Alipofika pa kushikilia hewa akaziba yote mawili, akatulia. Akashikilia. Akaendelea kushikilia, uso umetulia kabisa, muda mrefu kuliko nilivyomfundisha. Nikamwita baba. Hakufungua macho. Nikamshika ule mkono kwa mikono yangu miwili yenye majivu, nikauvuta chini kwa nguvu mpaka pua ikaachia.